Tembo wa Sèvres na udongo uliokosekana

Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lina jozi ya vyombo vya maua vya kauri vilivyotengenezwa Sèvres, nje kidogo ya Paris, mnamo 1758 hivi. Kila kimoja kina vichwa viwili vya tembo vilivyochomoza ubavuni, na mikonga yao ilikusudiwa kushika mishumaa. Mbunifu wake, Jean-Claude Duplessis, alikuwa fundi wa dhahabu na shaba. Kwa aliyekwisha kumwona tembo wa Tsavo, hawa ni tembo wa kufikirika tu, lakini kazi yenyewe haina mzaha.

Kiwanda kilichovitengeneza kilianzia Vincennes mnamo 1740, kikahamia Sèvres 1756, na miaka mitatu baadaye Mfalme Louis wa 15 akakichukua chote. Kipenzi chake, Madame de Pompadour, alikuwa mteja mkubwa. Mfalme naye alikuwa akiandaa mauzo ya mwisho wa mwaka ndani ya ikulu yake ya Versailles, na sidhani kama wageni wake walithubutu kuondoka mikono mitupu.

Tatizo lilikuwa udongo. Wachina walikuwa na kaolini, udongo mweupe unaoipa kauri ugumu wake, na sahani zao zilipamba makaburi ya pwani yetu, kama yale ya Kunduchi. Meissen, Ujerumani, walifumbua siri hiyo mapema katika karne ya 18. Wafaransa, kwa kukosa kaolini, waliyeyusha mchanga na chumvi hadi ukawa kama kioo, wakausaga, wakauchanganya na chokaa na udongo kidogo. Kinyunga hicho kilikuwa kigumu kufinyanga, na tanurini kilipenda kulegea na kupinda. Fikiria basi mikonga minne ya jozi moja, yote itoke mizima na ifanane! Kisha chombo kilirudishwa motoni tena na tena, kwa ajili ya king'arisho, kwa ajili ya rangi, na mwishowe dhahabu.

Hata hivyo, kinyunga hicho dhaifu kilikuwa na zawadi yake. Rangi zilizama ndani ya king'arisho zikayeyukiana nacho, ndiyo maana waridi na kijani cha Sèvres vinaonekana kama vimelowa maji. Kaolini ilipopatikana Saint-Yrieix, karibu na Limoges, katika miaka ya 1760 (inasimuliwa kwamba mke wa daktari mmoja alidhani itafaa kufulia nguo), kiwanda kilipata kauri ngumu na nyeupe kabisa. Kwa macho yangu, rangi zilizopakwa juu yake zimebaki juujuu.

Mnamo 1804 mkurugenzi Alexandre Brongniart aliachana kabisa na kinyunga cha zamani. Vyombo vyeupe visivyopambwa vilivyojaa ghalani aliviuza, na wachoraji wa nje wakavipaka mapambo ya enzi ya Pompadour. Hapo ndipo wanunuzi wanapoponzwa. Alama ya chini, herufi L mbili zilizosukana na katikati herufi ya mwaka, A kwa 1753 na F kwa 1758, ni rahisi kuigiza. Na hata kauri ikiwa ya Sèvres kweli, huenda maua yaliyochorwa juu yake yakawa na umri mdogo kwa nusu karne.