Shauku si Jazba

Katika vitabu vya falsafa na saikolojia kutoka Ulaya kuna neno linalowasumbua sana wafasiri wetu: passion. Asili yake ni Kilatini, passio, na mzizi wake ni kitenzi chenye maana ya kuteseka au kupatwa na jambo. Kwa habari za Yesu msalabani, Kiswahili husema Mateso, na ni sahihi. Hata tunda la pasheni lilipata jina hapo: wamisionari wa Amerika Kusini waliona katika ua lake mfano wa taji la miiba na misumari.

Wanafalsafa waliipanua maana hiyo, ikafika kwenye hisia kali za kila aina. Mwaka 1649 René Descartes alichapisha kitabu kizima juu ya hisia hizo, akataja sita za msingi: mshangao, upendo, chuki, tamaa, furaha na huzuni. Kwake zilikuwa mambo yanayoipata nafsi. Msemaji wa Kiswahili anaelewa mara moja, kwa kuwa kwetu hasira humshika mtu, hamu humjia na wivu humpanda. Kwa maana hiyo pana, “hisia kali” inatosha.

Siku hizi maana imebana. Tunazungumzia mvuto mkubwa wa kudumu unaomwelekeza mtu kwenye kitu au kazi aipendayo, na hapo istilahi inayofaa ni shauku. Jamaa zake wa karibu hawawezi kushika nafasi yake. Jazba hupanda na kushuka: mtu hubisha kwa jazba barazani, na baada ya muda anakunywa kahawa na yule aliyembishia. Hamasa huwashwa na ngoma, hotuba au mashabiki. Ashiki ni ya mapenzi na mwili. Tamaa hutaka kumiliki, na ikishapata huhamia kwingine. Shauku ina kitu chake, hukaa nacho, na mwenye nayo hukubali kugharamika.

Neno hili tumelipata kwa Kiarabu, na mwanazuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilichambua vizuri katika kitabu chake Ihya. Mtu hana shauku na asichokijua kabisa, wala na alichokwisha kukipata chote. Shauku huwapo pale ambapo umeonja na hujashiba. Ndiyo maana inauma, na kwa maumivu hayo inakutana na lile neno la Kilatini.

Tazama mwimbaji Siti binti Saad wa Fumba, Unguja. Aliuza vyungu kwa miguu, akivinadi kwa sauti. Sauti ilikuwapo tayari. Alipohamia mjini mwaka 1911 alikuwa mtu mzima, lakini akakubali kuwa mwanafunzi wa Ali Muhsin, mpiga udi, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Kipaji kingeweza kuishia njiani pamoja na vyungu. Shauku ndiyo humkalisha mtu mzima mbele ya mwalimu.

Hata hivyo, si kila shauku ni ya heri. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Robert Vallerand wa Kanada na wenzake waliigawa mara mbili: ile inayopatana na maisha ya mtu, na ile inayomtawala. Mchezaji mwenye ya kwanza akiumia goti hupumzika. Mwenye ya pili huingia uwanjani akichechemea.

Basi wahariri na walimu tulinde mipaka ya neno hili. Tangazo la kazi linapodai “shauku” kwa kila mwombaji, mara nyingi linataka bidii tu, na bidii ina jina lake. Shauku haiagizwi, ila inaweza kulelewa. Mwalimu anayetaka mwanafunzi awe na shauku ya hesabu ampe swali moja alimalize mwenyewe, kisha ampe lingine atakaloliweza nusu. Nusu iliyobaki ndiyo itakayomrudisha darasani.