Karanga za Kongwa na Karanga za Kano

Zao hili lina majina kadhaa katika lugha yetu. Wengine husema karanga, wengine njugu, na wengine njugu nyasa, ili kulitenga na njugu mawe, ambazo asili yake ni Afrika. Karanga zenyewe zililetwa kutoka Amerika ya Kusini. Hatukusudii kufunza msamiati hapa. Ila zao hili liliwahi kupima jambo ambalo hata leo linabishaniwa katika nchi zetu: fedha ikitiwa katika ardhi, ni nani anayetoka katika umaskini?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Ujumbe wa John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa nchi hiyo, ulizunguka kwa majuma tisa, mahali pengi ukiitazama ardhi kutoka angani. Mwaka 1947 serikali ya chama cha Labour ilikubali mpango wa ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kwa gharama ya pauni milioni 25 katika miaka sita.

Kazi ilianza Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Wagogo ni wafugaji, tena ni wakulima wa mtama na uwele. Waliijua mvua ya kwao kwamba ni chache na haina ahadi. Maarifa hayo hayakupewa uzito. Matrekta makuukuu yalinunuliwa katika maghala ya jeshi, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta, lakini mibuyu na vichaka viliyashinda. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu mno, na mchanga wake hula vyuma vya majembe. Nazo karanga huzaa chini ya ardhi. Basi hata zile zilizokubali kuota zilikuwa taabu kuzing'oa. Mwaka wa kwanza zilitazamiwa ekari 150,000. Zilizosafishwa zilikuwa kiasi cha 7,500. Januari 1951 mpango ukaachwa, na pauni zaidi ya milioni 35 zikafutwa katika vitabu vya hesabu.

Sasa tutazame Kano, kaskazini ya Nigeria, ambako kampuni ile ile ya Samuel ilikuwa ikinunua karanga kwa miaka mingi. Reli ilipofika huko mwaka 1911, wenye viwanda vya Lancashire walitumaini kupata pamba. Wakulima wa Kihausa walipima mambo wenyewe. Karanga zikikosa mnunuzi huliwa nyumbani; pamba hailiwi. Wafanyabiashara wa Kihausa, waliozoea safari za kola na ng'ombe, walipeleka habari za bei vijijini. Nigeria iliuza nje tani zisizofika 2,000 mwaka 1911. Mwaka 1913 ziliuzwa zaidi ya 19,000. Hapakuwa na trekta hata moja katika kazi hiyo, ila jembe la mkono. Na katika miaka ile ile ambayo Kongwa ilihangaika na visiki, magunia ya karanga yalirundikwa Kano mfano wa piramidi, yakingoja mabehewa. Kwa maoni yetu, aliyetaka mafuta kwa haraka angefanya vema kununua mabehewa.

Hata hivyo tusiifanye Kano kuwa pepo. Mwaka 1949 iliundwa bodi ya kununua karanga. Mkulima alilipwa chini ya bei ya dunia, na tofauti ikawekwa akiba, sehemu kubwa London. Ilisemwa kuwa hiyo ni kinga ya siku ambayo bei itaanguka. Sisi tulio Uganda twaijua hoja hiyo, kwa maana ndiyo waliyoambiwa wakulima wa pamba. Mwaka huo huo wa 1949 kulizuka ghasia katika Buganda, na miongoni mwa madai ilikuwa haki ya wakulima kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Fedha iliyokatwa hivyo ndiyo ambayo ingalinunua jembe jipya, bati la paa na karo ya mtoto. Wataalamu waliiita akiba. Wakulima, hatuna shaka, walikuwa na neno jingine.

Mabaki ya mpango wa Tanganyika hayakupotea yote. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, ingali inafanya kazi, ingawa reli iliyotoka huko hadi Nachingwea iling'olewa katika miaka ya 1960. Huko Urambo mashamba ya mpango yaligawiwa wakulima wadogo, nao wakalima tumbaku.

Kano nayo ilipatwa na ukame wa 1972 hadi 1974, kisha ugonjwa wa karanga mwaka 1975, na bei ya bodi haikuwapa watu moyo wa kupanda tena. Piramidi zikatoweka. Wakulima waligeukia mtama, uwele na kunde, mazao waliyoweza kuyala, na yaliyosalia wakayauza katika masoko ya miji yao kwa bei waliyopatana na mnunuzi.