Jina Kwenye Kitako cha Taa

Mwishoni mwa karne ya 1 baada ya Kristo, karakana moja ya kaskazini mwa Italia ilitengeneza taa za mafuta za udongo kwa kalibu, na kwenye vitako vyake ikapiga chapa: FORTIS. Karakana za majimbo mengine ya Dola ya Roma ziliziiga taa hizo, chapa na yote. Jina hilo lingali linasomeka hadi leo.

Huku kwetu mkoani Mbeya, wanawake wa Kikisi wa Ikombe, wilayani Kyela, hufinyanga vyungu kwa mikono, vikavushwa kwa mitumbwi katika Ziwa Nyasa hadi soko la Matema. Sisi wanunuzi husema tu “vyungu vya Wakisi”. Naiona hapo dhuluma ya kimyakimya: kabila twalitaja, fundi twamsahau. Ndugu msomaji, ununuapo chungu, uliza kimefinyangwa na nani. Nao maafisa utamaduni waliandike jibu.