Mwisho wa Waya: Vituo vya Kufua Umeme na Njia ya Kufika Mara

Umeme unaowashwa Manchira, Mugumu na Tarime haufuliwi mkoani Mara. Mkoa huo umepakana na ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika na unapitiwa na mto mkubwa, lakini hauna kituo hata kimoja kikubwa cha umeme wa maji. Bwawa la Manchira, jirani na mji wa Mugumu, lilijengwa kwa ajili ya maji ya kunywa na matumizi ya wananchi. Maji yake hayazungushi turbini yoyote. Historia ya umeme katika wilaya za Serengeti na Tarime ni historia ya mitambo iliyojengwa mbali, kwa ajili ya wateja wengine, na ya waya uliochukua takriban miaka 80 kutoka taa za kwanza za Dar es Salaam hadi kuifikia Kanda ya Ziwa.

Taa hizo za kwanza ziliwashwa na Wajerumani mwaka 1908. Mtambo wao ulilisha karakana za reli na mitaa waliyoishi wakoloni, basi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliurithi, na mwaka 1920 wakaunda idara ya serikali ya kusimamia umeme. Mwaka 1931 kazi hiyo ikakabidhiwa kampuni mbili za watu binafsi. Ya kwanza, DARESCO, ilichukua Dar es Salaam na miji iliyo kwenye reli ya kati, kama Dodoma, Tabora na Kigoma. Ya pili, TANESCO, ilipewa maporomoko ya Mto Pangani.

Mgawanyo huo unaeleza mengi. Miji ya reli ilipewa jenereta za mafuta kwa sababu palikuwa na ofisi, stesheni na maduka. Pangani ilipewa kituo cha maji kwa sababu ya mkonge. Mashamba ya Tanga, Muheza na Korogwe yalihitaji nguvu ya kuendesha mashine za kuchakata majani ya mkonge, na mkonge ndio ulioliingizia koloni fedha. Kituo cha Pangani kilianza kazi katikati ya miaka ya 1930 na kwa miongo kadhaa kilibaki mfano wa pekee wa umeme mkubwa wa maji nchini. Kituo cha Hale, chenye megawati 21, kilifuata kwenye mto huohuo mwaka 1964, na mwishoni mwa muongo huo kikaja kile kidogo cha Nyumba ya Mungu, megawati 8. Kwa hiyo uhuru ulipopatikana, ramani ya umeme ilikuwa ramani ya mkonge na ya reli. Ukanda wa ziwa ulilima pamba, zao ambalo viwanda vyake vya kuchambua viliweza kujiendesha kwa injini zao wenyewe, na haukuwa na mteja mwenye sauti ya kutosha kuwavuta wajenzi wa mabwawa.

Serikali ilinunua hisa za kampuni hizo mbili mwaka 1964, na mwaka 1968 shirika likabadili Tanganyika kuwa Tanzania katika jina lake huku likibakiza kifupi kilekile cha TANESCO. Kubadilika kwa mwenye mali hakukubadilisha mara moja mahali mitambo ilipo. Musoma iliendelea kuwashwa kwa jenereta za dizeli. Mafuta yalisafiri kutoka pwani kuvuka nchi nzima kabla ya kuchomwa, hivyo kila uniti iliyofuliwa kando ya ziwa iligharimu zaidi kuliko ile ya Hale. Migodi ya dhahabu ya enzi ya ukoloni, kama Kiabakari na Buhemba, ilikuwa mbali na gridi yoyote na ililazimika kujitegemea. Vijijini hapakuwa na suala la kujadili: koroboi na kandili ndizo zilizotawala, na mashine ya kusaga ilikuwa na injini yake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ziwa lenyewe halikutumika. Umeme wa maji hautokani na wingi wa maji peke yake. Unatokana na maji yanayoanguka. Ziwa Victoria lina maji mengi mno, lakini kwenye ufuko wa Musoma hayana pa kuangukia. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Jinja nchini Uganda, na ndipo Waingereza walipojenga bwawa la Owen Falls lililofunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1954. Tangu hapo maji yanayonyeshea milima ya Mara na kuingia ziwani yamekuwa yakizungusha mitambo ya Uganda. Mji wa Bukoba, ulio ng'ambo ya pili ya ziwa, ulipata faida ya ujirani huo: kwa miaka mingi ulilishwa kwa waya kutoka Uganda, si kutoka gridi ya Tanzania.

Mto Mara nao una tabia yake. Unateremka kwa kasi kutoka nyanda za juu za Mau nchini Kenya, lakini ukishapita Hifadhi ya Serengeti unalegea, unazunguka kwenye tambarare na kuishia katika madimbwi mapana ya matete kabla ya kuingia ziwani. Isitoshe, ni mto pekee wa kutegemewa kwa nyumbu wanaohama wakati wa kiangazi, na kila pendekezo la kuchepusha maji yake upande wa Kenya limeamsha hofu kwa wahifadhi wa pande zote mbili za mpaka. Mradi wa bwawa la Borenga, uliopendekezwa kwenye sehemu ya chini ya mto chini ya mpango wa nchi za bonde la Nile, ulitaja umeme, lakini wa megawati chache tu zilizoambatanishwa na umwagiliaji. Kituo cha maji kilicho karibu zaidi na Tarime kiko Kenya: Gogo, kwenye Mto Kuja huko Migori, chenye megawati 2. Nacho kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Hata ng'ambo ya mpaka, kwanza alitangulia mteja, kisha ndipo likafuata bwawa.

Mabadiliko makubwa yalitoka kusini, kwenye Mto Ruaha Mkuu. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia na msaada wa Sweden, Tanzania ilijenga kituo cha Kidatu, mkoani Morogoro. Awamu ya kwanza ilikamilika mwaka 1975 na ya pili mwaka 1980, jumla megawati 204, kiasi kilichovifanya vituo vya Pangani vionekane vidogo mno. Lakini bwawa la Kidatu lenyewe ni dogo na haliwezi kuhifadhi maji ya msimu mzima. Kwa sababu hiyo lilijengwa bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, lenye uwezo wa kutunza zaidi ya mita za ujazo bilioni 3. Mwanzoni Mtera ilikuwa ghala tu la maji ya Kidatu. Mitambo yake yenyewe, megawati 80, iliwashwa mwaka 1988. Tangu hapo tone moja la Ruaha hufanya kazi mara mbili: likishapita Mtera hushuka hadi Kidatu.

Mpango huo una uzuri wa kihandisi, na ndani yake mlikuwa na hatari iliyokuja kuonekana baadaye. Nchi nzima ilianza kusoma kipimo kimoja: kina cha Mtera. Mita 698.5 juu ya usawa wa bahari maana yake bwawa limejaa. Likishuka hadi 690, mitambo inapaswa kusimama. Kituo cha Kihansi, megawati 180, kilichokamilika mwaka 2000, kilipunguza utegemezi huo kidogo, kwani kinatumia maanguko ya zaidi ya mita 800 bila kuhitaji bwawa kubwa. Gharama yake ilikuwa ya aina nyingine. Chura mdogo wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 na aliyeishi kwa rasharasha za maporomoko hayo pekee, alitoweka porini baada ya maji kuchepushwa, akaendelea kuishi katika bustani za wanyama za Marekani kabla ya kurudishwa nyumbani kuanzia mwaka 2012.

Umeme wa Ruaha ndio uliofika ziwani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 njia ya msongo wa kilovoti 220 ilivutwa kutoka Mtera kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza. Kutoka hapo, njia ya kilovoti 132 ikapita Bunda na kwenda Musoma. Kutoka Kidatu hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 1,000 za waya. Umbali huo una adhabu yake. Sehemu ya umeme hupotea njiani kwa joto, na mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Msongo nao hupungua kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa, hivyo mteja wa mwisho hupokea kama shamba lililo mwisho wa mfereji: yanayobaki. Taa zinazofifia jioni na mota zinazoungua zilikuwa malalamiko ya kawaida ya miji ya mwisho wa waya, na wilaya kama Serengeti, zilizolishwa kwa njia ndefu za kilovoti 33 zilizochepuka kutoka kwenye ncha hiyo, zilikuwa mwisho wa mwisho.

Kisha mvua zikawasaliti wajenzi. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulileta mgao, na mgao ukaleta mikataba ya haraka. Mwaka 1995 ulisainiwa mkataba na kampuni ya IPTL kwa kituo cha megawati 100 cha mafuta mazito huko Tegeta. Baada ya mivutano ya kisheria kilianza kuuza umeme mwaka 2002, na TANESCO ikawajibika kulipia uwezo wa mitambo hata ilipokuwa imezimwa. Mwaka 2006 ukame ulirudi na maji ya Mtera yakapungua mno. Zabuni ya dharura ya mitambo ya kukodi ikaangukia kampuni ya Richmond, na uchunguzi wa Bunge ukaishia kwa kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa mwezi Februari 2008. Sakata la akaunti ya Tegeta Escrow lililofuata mwaka 2014 lilichipuka kutoka kwenye shina lilelile la IPTL. Ni vigumu kupata sekta nyingine nchini ambayo kina cha bwawa kimewahi kutikisa siasa kiasi hicho.

Jibu la kudumu zaidi lilikuwa gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kulala miaka 30 kabla haijafika Ubungo, Dar es Salaam, kwa bomba, mwaka 2004. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ilisubiri bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam lililozinduliwa mwaka 2015, na vituo vya Kinyerezi vikafuata. Kwa Dar es Salaam huo ulikuwa ukombozi. Kwa Mara, gesi ilisogeza chanzo hadi pwani, mbali kuliko Mtera. Ndiyo maana Kanda ya Ziwa ilihitaji mitambo yake: mwaka 2013 kituo cha Nyakato, Mwanza, chenye megawati 60 za mafuta mazito, kilianza kuinua msongo kwenye ncha ya gridi. Kilikuwa ghali kukiendesha, lakini kilikuwa karibu.

Wakati huohuo mteja mkubwa alikuwa amejitokeza Tarime kwenyewe. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo, ulianza uzalishaji mwaka 2002, na kuchimba na kusaga mwamba hula umeme mwingi usiku na mchana. Historia ya mkonge ikajirudia: waya mkubwa hufuata penye mali ya kuuza nje. Vijiji vilivyouzunguka mgodi vilikaa miaka vikitazama taa zake kabla ya kupata zao.

Kwao na kwa Manchira, taasisi yenye maana kubwa haikuwa kituo chochote cha kufua umeme, bali Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Wakala haufui umeme. Hujenga njia ndogo kwa fedha za ruzuku, ili mwanakijiji alipe ada ya kuunganishwa ya shilingi 27,000 badala ya gharama halisi ya nguzo na waya. Serikali imetangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa, na kazi sasa ni vitongoji. Kufikiwa kijiji si kuwashiwa nyumba: mara nyingi waya hufuata barabara kuu, shule na zahanati, na kaya za mbali hubaki na sola. Katika Hifadhi ya Serengeti hoteli na kambi zimetegemea jenereta na, zaidi na zaidi, nguvu ya jua.

Waya mkubwa nao umeongezwa nguvu. Njia ya Iringa hadi Shinyanga, kilomita 670, ilijengwa kwa uwezo wa kilovoti 400 na kukamilika katikati ya miaka ya 2010. Msongo mkubwa hubeba nguvu ileile kwa mkondo mdogo, na hivyo kupunguza upotevu. Mwaka 2023 kituo cha Rusumo kwenye Mto Kagera, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, kilianza kuingiza umeme kutoka upande wa magharibi wa ziwa. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lililofikiriwa kwa miongo kadhaa na kuwekewa jiwe la msingi mwaka 2019: mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi mwezi Februari 2024, wa mwisho mwaka 2025.

Mara moja tatizo likageuka. Mwezi Machi 2024 baadhi ya vituo vya maji vilisimamishwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Tarehe 1 Aprili gridi ya Taifa ilipata hitilafu na maeneo mengi yakakaa gizani. Nchi ilikuwa na umeme wa kutosha Rufiji, lakini mikoa ya kaskazini bado ilikuwa mbali nao. Mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa hiyo, kupitia njia ya kilovoti 400 inayoiunganisha Tanzania na Kenya kupitia Singida, Arusha na Namanga, kwa hoja kwamba kusafirisha umeme wa Tanzania kutoka kusini kunapoteza fedha nyingi.