Menyu Keroka, Seva Ujerumani: Jinsi M-Pesa Ilivyofika Gusii

Kabla ya mwaka 2007, mzazi wa Keroka, huko Gusii, aliyekuwa na mtoto anayefanya kazi Nairobi alipokea pesa kwa hawala ya posta au kwa bahasha iliyokabidhiwa wahudumu wa basi. La sivyo, alingoja Disemba mtoto arudi nyumbani.

Tarehe 6 Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ikazindua M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Majaribio yalikuwa yameanza Oktoba 2005 miongoni mwa wakopaji wa taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya, wakilipa mikopo yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, mbia wa Safaricom, waliongoza kazi hiyo, na programu ikatengenezwa na Sagentia, kampuni ya Cambridge, Uingereza. Lakini wakopaji walianza kutumiana pesa kwa mambo yao yasiyohusu mkopo wowote, na hilo ndilo likawa huduma yenyewe.

Mteja alibadilishiwa kadi ya simu ya zamani, akapewa mpya yenye menyu ndani yake. Menyu hiyo haina kazi kubwa. Inauliza namba ya mpokeaji, kiasi na namba ya siri, inayageuza yote kuwa msimbo na kuyapeleka kama ujumbe mfupi. Daftari la hesabu liko kwenye seva. Seva hukagua namba ya siri na salio, ikapunguza huku na kuongeza kule, kisha ikawajulisha wote wawili, mtumaji na mpokeaji. Pesa zenyewe zimewekwa benki. Ndiyo maana simu ikitumbukia mto Gucha hakuna hata shilingi moja inayozama: mwenyewe anachukua kadi nyingine na kukuta salio lake vilevile.

Na seva hiyo ilikuwa mbali kwelikweli. Kwa miaka mingi ilikaa Ujerumani, ingawa kebo za faiba za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009 tu. Mama wa Nyansiongo aliyemtumia dada yake wa Suneka shilingi mia tano aliamsha mtambo wa Ulaya, na jibu likarudi kabla hajaondoka dukani kwa wakala.

Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Disemba 2007. Mpakani mwa Borabu na Sotik watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Barabara za Bonde la Ufa zikafungwa, basi la kubeba bahasha likakosekana. Sehemu nyingi za nchi watu walitumiana pesa na muda wa maongezi kwa simu. Naamini majuma yale yaliwashawishi Wakenya kuliko tangazo lolote la redioni.

Aprili 2015 mitambo ilihamishiwa Kenya. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua jukwaa la Daraja, ambalo mwandishi wa programu anaweza kulitumia kuunganisha mfumo wake na M-Pesa. Hivyo shule, duka la dawa au chama cha akiba kinaweza kuona malipo yakiingia kwenye hesabu zake bila karani kunakili ujumbe mmoja mmoja.

Ukaribu wa mitambo haukuondoa udhaifu wa mpango wenyewe. Tarehe 24 Aprili 2017 mtandao wa Safaricom ulikatika nchi nzima kwa saa kadhaa, na menyu iliyo mkononi haikuwa na la kufanya. Daftari likiwa mahali pamoja, njia ya kulifikia ikikatika, wote wamekwama, wa Nyamira na wa Nairobi.

Hata hivyo, waliobuni M-Pesa walifanya uamuzi sahihi: uzito wote waliubebesha seva, simu wakaiachia maswali machache tu. Mifumo mingi ya leo inadai simu kubwa na intaneti ya kasi hata kwa malipo madogo ya sokoni. Enyi vijana mnaoandika programu Kisii na Nyamira, hakikisheni kila huduma ya umma mnayoiunda inafunguka pia kwenye simu ndogo ya mulika mwizi ya mkulima wa chai wa Borabu.