Hoja Tatu katika Wosia wa Mwana Kupona

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Akamwita bintiye, Mwana Hashima, aketi karibu naye na wino na karatasi. Utendi uliozaliwa hapo, wenye beti 102, aghalabu husomwa kama orodha ya amri. Lakini mama haamrishi tu, anashawishi.

Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Nabii Isa, alitaja njia tatu za kushawishi: hadhi ya msemaji, hisia za msikilizaji na mantiki ya hoja. Zote zimo humu. Hadhi imo pale mama anapojitoa mwenyewe kuwa shahidi: aliishi na mumewe kwa furaha hadi mauti yalipowatenga mwaka 1856. Hisia zimo katika maradhi yenyewe, kwani neno la anayeaga ni zito. Mantiki imo katika radhi tano: za Mungu, Mtume, baba, mama na mume, azipataye ndiye aliyeokoka.

Wapo leo wanaoukataa utendi huu kwa sababu ya hiyo radhi ya tano. Wana haki ya kuhoji. Ila wanachokibisha ni njia moja kati ya tatu, nayo husimama juu ya imani ya pamoja. Mbili zilizosalia hazikuanguka: bado tunamsikia mama mgonjwa akimfungia mwanawe maneno kama hirizi, na tunamwamini.