Korea: Nchi Moja, Mstari Mmoja, Familia Mbalimbali

Wengi wetu Korea tunaijua kwa tamthilia: tunalia pamoja na mke anayeteswa na mama mkwe, tunacheka na tajiri aliyependa msichana maskini. Tukishazima televisheni, Korea yenyewe ni nchi gani? Leo tuitazame kwa ufupi.

Korea ni rasi. Kaskazini imepakana zaidi na China, na pande tatu ni bahari. Takriban asilimia 70 ya ardhi yake ni milima. Kusini kipo kisiwa cha Jeju, ambako wanawake waitwao haenyeo huzamia baharini bila mitungi ya hewa, wakatafuta riziki kwa pumzi zao tu.

Hapo kale palikuwa na falme tatu: Goguryeo, Baekje na Silla. Katika karne ya 7 Silla ikazishinda nyenzake. Mwaka 918 ukaja ufalme wa Goryeo, ndiko lilikotoka jina la Korea, na mwaka 1392 ukafuata Joseon. Mfalme Sejong wa Joseon alitangaza mwaka 1446 herufi mpya, hangul, kwa kuwa herufi za Kichina zilikuwa ngumu kwa watu wa kawaida. Wasomi wengi walizidharau. Wanawake wakazipokea, wakaandikiana barua na kusoma hadithi kwa herufi hizo. Leo ndizo zinazotumika nchi nzima.

Mwaka 1910 Japani iliitwaa Korea, ikaitawala hadi iliposhindwa vitani mwaka 1945. Marekani na Umoja wa Kisovieti wakaigawa nchi kwenye latitudo ya 38. Vita vikazuka Juni 1950. Watu walikimbia na walichoweza kubeba, mama huku, mtoto kule. Mapigano yalisitishwa tarehe 27 Julai 1953, lakini mkataba wa amani haujatiwa saini hadi leo.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1983, televisheni ya KBS ya Korea Kusini ilianzisha kipindi cha kuwatafuta ndugu waliopotezana. Watu walikuja na mabango yenye majina, vijiji, hata alama za makovu mwilini. Kipindi kiliendelea kwa siku 138, na familia zaidi ya 10,000 zikakutana. Lakini hao ni waliokuwa upande wa kusini. Waliobaki kaskazini hawakuweza hata kupiga simu.

Bado kuna kitu ambacho mstari ule haukukikata. Kila msimu wa baridi unapokaribia, wanawake wa pande zote mbili hukusanyika kutia kabichi chumvi na pilipili, wakatengeneza kimchi, na majirani wakagawana. UNESCO iliitambua mila hiyo kwa Kusini mwaka 2013, na kwa Kaskazini mwaka 2015. Orodha ina nchi mbili, lakini jiko ni moja.

Wapenzi, kama ndugu yako umbali wake ni simu moja tu, mpigie leo.